Rangi Nayo Ina Mizani Yake

Hakuna mzozo ulio wa kawaida zaidi katika nyumba zetu za uchapaji, tangu vibanda vidogo vya Kariakoo hadi viwanda vikubwa vya Nairobi, kuliko ule unaozuka pale mteja anapokabidhiwa kazi yake, akaitazama, akaiweka kando ya simu yake ya mkononi, kisha akatamka kwa uchungu ya kwamba rangi hii siyo ile aliyoileta. Mchapaji naye hujitetea: faili ndivyo lilivyokuja, mashine ni mpya, wino ni halisi, na karatasi ni ile ile waliyoafikiana. Kila mmoja huapa kwa macho yake, na kwa kuwa macho hayana hati wala ushahidi wa kuwekwa mezani, aghalabu shauri hukatwa kwa ubavu: ama mteja huondoka akinung'unika na kazi asiyoipenda, ama mwenye mashine huirudia kazi nzima kwa hasara yake. Rai yangu katika makala haya ni kwamba mzozo huo si wa lazima. Kwamba rangi, kama ulivyo uzito wa mchele na urefu wa kitambaa, ni kitu kinachopimika. Na kwamba mchapaji anayeuza rangi pasipo kuipima hana udhuru bora kuliko mwenye duka anayeuza sukari kwa mizani isiyokaguliwa.

Ili hoja hii ifahamike, yapasa kwanza tueleze chanzo cha hitilafu yenyewe, ambacho kimo katika maumbile ya nuru na wala si katika ujinga wa mtu. Kioo cha kompyuta au cha simu hutoa nuru yake chenyewe, nacho huunda rangi zake zote kwa kuchanganya nuru tatu, nyekundu, kijani na buluu, ambazo zikijumuika kwa ukamilifu huleta weupe. Karatasi haina nuru ya kwake. Huazima ile iiangukiayo, na kazi ya wino ni kuizuia sehemu ya nuru hiyo isirejee machoni mwetu. Sayani humeza nyekundu, majenta humeza kijani, na manjano humeza buluu. Zikikutana zote tatu zingepasa kuleta weusi, walakini kwa kuwa hakuna wino ulio safi kikamilifu, huleta hudhurungi iliyochafuka, na ndiyo sababu wachapaji wakaongeza wino wa nne, mweusi, ili ukamilishe kile ambacho wino tatu zimeshindwa. Basi aliyesanifu tangazo lake kwa nuru akataka lichapwe kwa wino huomba rangi zihamishwe kutoka maumbile haya hadi yale, na katika uhamisho huo baadhi yake hazipiti. Buluu kali ing'aayo kwenye kioo, ambayo vikundi na timu nyingi hupenda kuiweka katika mabango yao, haipatikani kwa mchanganyiko wa sayani na majenta. Na fundi asipokuwa mwangalifu, majenta huzidi kidogo tu na buluu ile hutoka zambarau, mteja akadhani ameibiwa.

Lau hitilafu ingekuwa hiyo peke yake, fundi angeisoma mara moja, akaihifadhi moyoni, akapata raha maisha yake yote. Bali mashine nazo hazitulii. Mashine ya leza hubandika unga wa wino, yaani tona, kwa nguvu ya umeme tuli, na umeme huo hubadilika kwa joto na kwa unyevu wa hewa. Ndiyo maana watengenezaji huagiza chumba cha mashine kiwe na unyevu wa kadiri, aghalabu kati ya asilimia 40 na 60, sharti ambalo mtu wa Mombasa, Tanga au Unguja, hasa nyakati za masika, hawezi kulitimiza kwa kufungua madirisha. Karatasi iliyoachwa wazi usiku kucha hunywa unyevu huo, na asubuhi huipokea tona shingo upande. Mashine ya kunyunyiza wino nayo ina vitundu vyembamba kuliko unywele, ambavyo vikianza kuziba, rangi moja hufifia pole pole bila ya mtu kutambua. Na karatasi pia ina yake: ile ya kung'aa huuzuia wino ukae juu, ilhali ya gazeti huufyonza na kuutandaza, hata kitone kilichoamriwa kufunika asilimia 50 ya nafasi yake kikaonekana kimefunika asilimia 70 na zaidi. Hivyo mashine moja, kwa faili moja na fundi mmoja, huweza kutoa kazi mbili zisizofanana baina ya Jumatatu na Alhamisi, na wala pasiwe na mtu aliyekosa.

Kusawazisha mashine, au kalibresheni kama wasemavyo mafundi, ni kazi ya kuirejesha mashine hiyo isiyotulia katika hali moja ijulikanayo, nayo hufanywa kwa utaratibu usioruhusu hatua kurukwa. Kwanza mashine husafishwa, na ikiwa ni ya kunyunyiza wino huchapwa mistari ya majaribio ili ihakikishwe kuwa hakuna kitundu kilichoziba, kwani kuipima mashine iliyo mgonjwa ni kuupima ugonjwa wake. Kisha huwekwa karatasi ile ile itakayotumika katika kazi, na kwa karatasi hiyo huwekwa mpaka wa wino. Maana wino nne zikimwagwa zote kwa ukamilifu, asilimia 100 kila mmoja, jumla yake ni asilimia 400, kiasi ambacho karatasi haiwezi kukibeba bila ya kulowana, kujikunja, au kuichafua karatasi inayolala juu yake. Karatasi nzuri ya kung'aa huvumilia kama asilimia 300, na ya gazeti kama asilimia 240. Mpaka ukishawekwa, huchapwa safu za miraba, kila wino na safu yake, ukolezo ukipanda hatua kwa hatua kutoka weupe mtupu hadi ukamilifu, na karatasi huachwa ikauke, kwa sababu wino mbichi na wino mkavu havina rangi moja.

Hapo ndipo huja zamu ya chombo kiitwacho spektrofotometa, kidogo kiasi cha kuenea katika mkono mmoja. Fundi hukipitisha polepole juu ya safu zile. Nacho hutupa nuru yake juu ya mraba kwa pembe ya nyuzi 45, huipokea kwa wima ile irejeayo, na kuichambua kutoka urujuani wa nanomita 400 hadi wekundu wa nanomita 700, kila baada ya nanomita 10, hata mraba mmoja ukatoa hesabu 31. Hesabu hizo hazina upendeleo wala uchovu. Zikionyesha mathalani kwamba mashine iliamriwa majenta ya asilimia 30 nayo ikatoa ya 38, kompyuta huandika marekebisho, na tangu saa ile, kila panapotakiwa 30, mashine huamriwa pungufu kwa kadiri inayostahiki. Wino zote nne zikishanyooshwa hivyo, hutazamwa shahidi wa mwisho, naye ni kijivu kilichoundwa kwa sayani, majenta na manjano pasipo weusi: mmoja wa wale watatu akizidi hata kwa kiasi kidogo, kijivu hicho huingia wekundu, ukijani au ubuluu, na kuifichua mara moja mashine iliyopotoka.

Mashine iliyokwisha kusawazishwa ndiyo peke yake inayostahiki kuandikiwa profaili, yaani faili linaloeleza jinsi mashine hiyo, kwa wino huo na karatasi hiyo, inavyozaa kila rangi. Huchapwa jedwali kubwa zaidi, ambalo mojawapo ya yale yanayotumika sana, IT8.7/4, lina miraba 1617, na yote husomwa kwa chombo kile kile. Utaratibu wa profaili hizi ulipatikana mwaka 1993, pale kampuni nane, miongoni mwake Adobe, Apple, Kodak na Microsoft, zilipoanzisha baraza liitwalo International Color Consortium, baada ya kila mtengenezaji kuwa amesema lugha yake mwenyewe na kuwachosha wachapaji wa dunia nzima. Profaili ndiyo inayojua kwamba buluu ile ya kwenye kioo haifikiki, na ndiyo inayomwezesha fundi kuchagua kwa hiari yake: ama aziache rangi zinazofikika kama zilivyo na kuirudisha ndani ile moja iliyotoka nje ya mpaka, jambo lifaalo kwa nembo na bendera, ama azipunguze zote kwa uwiano ili undugu wa rangi usivunjike, jambo lifaalo kwa picha za watu na mandhari. Ila profaili iliyoandikwa wiki iliyopita kwa mashine ambayo leo imekwisha hama hali yake ni hati ya nyumba iliyobomolewa, na kosa la wengi katika fani hii ni kununua au kupakua profaili huku wakiacha kazi ya kusawazisha iliyo msingi wake.

Yamkini msomaji atauliza: hesabu hizo zinazodaiwa kuwa ni rangi zimetoka wapi, na nani aliyezipa mamlaka juu ya macho yetu? Jibu lake lina historia. Katika miaka ya 1920 wanasayansi wawili wa Uingereza, William David Wright na John Guild, kila mmoja kwa kazi yake mbali, waliwaketisha watu mbele ya vyombo vya nuru wakawataka walinganishe rangi moja na mchanganyiko wa nuru tatu; Wright alitumia watu 10 na Guild watu 7. Majibu ya watu hao yalikaribiana mno, na kwa msingi wake Tume ya Kimataifa ya Nuru, CIE, iliweka mwaka 1931 kipimo cha rangi ambacho hadi leo kimo ndani ya kila spektrofotometa. Mwaka 1976 Tume hiyo ikatoa utaratibu uitwao Lab, unaoipa kila rangi makazi yake kwa hesabu tatu: moja ya weupe na weusi, moja ya wekundu na ukijani, moja ya umanjano na ubuluu. Umbali baina ya makazi ya rangi iliyotakiwa na ile iliyopatikana huitwa delta E, na umbali wa 1 ni kama ule ambao jicho lililozoea huanza kuutambua. Kanuni ya kimataifa ya ISO 12647-2, iliyowekwa kwa ajili ya uchapaji wa ofseti, huruhusu wino nne kuu zipotoke kwa delta E isiyozidi 5. Tazama basi jinsi ugomvi wa mteja na mchapaji unavyoweza kukatwa bila ya kiapo: rangi hupimwa, hesabu husomwa, na haki ya kila mmoja hubainika.

Najua wako mafundi wenye umri katika kazi, watu wa kuheshimiwa, watakaosema kwamba wamechapa miaka mingi kwa jicho tupu na wateja wao hawakulalamika. Siudharau ustadi wao, na wala sidhani kwamba chombo kitachukua nafasi ya fundi, maana chombo hakijui kwamba rangi ya machungwa katika tangazo la matunda yafaa itie hamu. Lakini jicho, kwa jinsi lilivyoumbwa, huzoea: mtu akiketi chini ya taa yenye umanjano, baada ya dakika chache huiona karatasi kuwa nyeupe, na rangi anayoisahihisha katika hali hiyo atakuja kuikana akiitoa juani. Ndiyo maana kanuni ya ISO 3664 imeagiza kazi za uchapaji zitazamwe chini ya nuru moja maalumu iitwayo D50, yenye kiwango cha kelvini 5000, ilhali katika maduka yetu mengi kazi huhukumiwa chini ya taa yoyote iliyopatikana kwa bei nafuu. Aidha wako watakaosema kwamba chombo ni ghali. Bei yake kweli si ndogo kwa mwenye duka changa; lakini mashine nyingi kubwa za siku hizi zimetengenezwa na kipimo hicho ndani yake, nacho hakitumiwi kwa sababu hakuna aliyefunzwa au kwa sababu robo saa ya kusawazisha huonekana kuwa ni wakati uliopotea; na wenye maduka madogo ya mtaa mmoja wanaweza kukinunua kimoja kwa shirika, kama walivyozoea kuchangiana katika mambo mengine.

Sasa nataka nifike pale panaponigusa zaidi, napo ni katika nyuso zetu. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ya Marekani ilizipelekea maabara za picha kadi ya kulinganishia rangi yenye sura ya mwanamke mweupe, nazo zikajulikana kwa jina la kadi za Shirley. Fundi aliirekebisha mashine mpaka ngozi ya mwanamke yule ikapendeza, na mashine ikahesabiwa kuwa sawa. Watu weusi waliopigwa picha kwa filamu za wakati huo walitoka wamezama katika giza, macho na meno peke yake yakionekana. Mtafiti Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Kanada, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2009, ameeleza kwamba msukumo mkubwa wa kuziboresha filamu hizo katika rangi za kahawia ulitoka kwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti, ambao mbao zao na bidhaa zao hazikuonekana vyema. Na kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja kutolewa katika miaka ya 1990. Funzo la habari hii ni bayana. Kipimo kilichojengwa juu ya macho ya watu 17 wa Uingereza kimewafaa wanadamu wote, kwa kuwa nuru huingia katika macho yenye uoni timamu kwa namna zinazokaribiana, awe mwenye macho hayo Mwingereza au Mmakonde. Bali kipimo kilichojengwa juu ya uso mmoja kiliufaa uso huo na waliofanana nao.

Na hapa kuna jambo la kiufundi lisilojulikana na wengi. Ngozi ya kahawia huchapwa kwa wino zote kwa pamoja, majenta na manjano zikitangulia, sayani na nyeusi zikifuata, na kwa hiyo iko karibu na kile kijivu nilichokitaja kuwa ni shahidi: sayani ikizidi kidogo, uso huingia ukijivu kama wa mtu aliye hoi, majenta ikizidi, huiva kama wa aliyeungua. Fundi asiye na kipimo, akiuona uso umeharibika, hukimbilia dawa moja tu, kuung'arisha, hata bibi harusi akatoka katika albamu yake akiwa na rangi ambayo mama yake mzazi hawezi kuitambua. Hilo si jambo dogo. Mashine iliyosawazishwa huutoa uso kama ulivyo, na kila nyumba ya uchapaji ya Afrika Mashariki ingefanya wema kuwa na picha yake ya majaribio yenye nyuso za weusi wetu wote, mkavu na wa maji ya kunde, penye jua na penye kivuli, ichapwe kila asubuhi baada ya kupima, ndipo kazi za wateja zianze.

Wala thamani ya rangi ya kweli haiishii kwenye arusi na matangazo. Katika kliniki zetu za wajawazito, muuguzi huchovya kijiti katika mkojo, kisha hukilinganisha na miraba ya rangi iliyochapwa ubavuni mwa chupa ili ajue kama mna protini au sukari. Rangi ile ya chupani ni kipimo cha matibabu, na ingechapwa kwa kubahatisha, mama angeweza kurudishwa nyumbani na hatari iliyofichika. Mkulima wa mpunga anayetumia kadi ya rangi za majani kujua kama shamba linahitaji mbolea ya naitrojeni, na mwanafunzi anayejifunza kemia kwa jedwali la rangi za pH katika kitabu chake, nao pia wamemwamini mtu aliyesimama mbele ya mashine. Kazi za namna hii zinapoanza kuchapwa hapa kwetu, na inapasa zichapwe hapa kwetu, hatutaweza kuzikabidhi kwa watu wanaosema rangi inatosha kwa sababu inaonekana inatosha.

Nchini Tanzania, Wakala wa Vipimo hukagua mizani za wafanyabiashara na kuzigonga muhuri, wala hakuna anayeona kuwa huo ni uonevu, kwa kuwa kila mtu amekubali kwamba uzito ni amana. Siombi askari wa rangi wapite madukani. Naomba mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu: vyuo vya ufundi vifundishe upimaji wa rangi kama sehemu ya lazima ya uchapaji, wizara na mashirika yanayoagiza vitabu, ramani na vifungashio yaandike katika mikataba yao kiasi cha delta E watakachokipokea na watakachokikataa, na wenye mashine wabandike ukutani tarehe ya mara ya mwisho waliyoisawazisha kila mashine, ili kila aingiaye aione.

Nawe msomaji, siku utakapopeleka kazi yako kuchapwa, usiridhike na rangi uliyoonyeshwa kwenye kioo. Taka sampuli iliyochapwa kwenye karatasi ile ile utakayoilipia, itoe nje uitazame kwa nuru ya mchana, na umuulize mchapaji lini aliisawazisha mashine yake na kwa chombo gani. Aliye na jibu mpe kazi yako, hata akikutoza zaidi kidogo. Na asiye na jibu mwache, kwa maana anakuuzia asichokipima.